Raba za Breki na Mteremko wa Sekenke

Juzi niliwakabidhi vijana wanaobaki na duka langu funguo, venia ya kupimia, ubao wa misumari ya kutundikia bidhaa, na chupa mbili za soda zenye vizibo vya mti. Venia na ubao vijana walivielewa. Chupa ziliwashangaza. Mmoja wao aliinusa, akakunja uso, akauliza kama ni dawa. Nikamwambia ndiyo, ni dawa ya kiburi, ila maelezo yake ni marefu na mimi nina basi la kuwahi. Haya ndiyo maelezo yenyewe.

Nina miaka arobaini na minane. Najua mtu wa umri huu hasemi amestaafu, husema anapumzika kidogo. Lakini mimi nimeuza sili, oringi, gasketi na raba za kila namna tangu nilipomaliza kidato cha nne, na nimezunguka nazo kutoka Itigi hadi nchi ambazo watu wake hawajui Singida iko upande gani. Inatosha. Sitaeleza nilipandaje cheo wala nililipwa nini, maana hayo hayamsaidii mtu mwenye gia boksi inayovuja.

Nilianza miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi na kila mwenye kibanda akawa mfanyabiashara. Duka lilikuwa Singida mjini, karibu na stendi. Mwenyewe aliitwa Mzee Ntandu, Mnyaturu mwembamba aliyekuwa mtunza stoo katika karakana moja ya umma mpaka walipopunguzwa kazi. Wenzake walirudi kulima mtama. Yeye alichukua alichokijua, yaani namba za sili, akafungua duka.

Kwa msiojua, sili ni pete ya raba yenye mdomo mwembamba unaokumbatia shafti, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, ili mafuta yabaki ndani na vumbi libaki nje. Ni kitu kidogo cha kutia mfukoni, lakini kikiharibika trekta linalala. Kabla ya ruksa, sili hazikuwepo madukani. Watu walikata ngozi ya ng'ombe, wakaichemsha kwenye samli, wakaigonga mpaka ikae kwenye shafti. Ilikuwa inafanya kazi. Mzee Ntandu alikuwa na moja ukutani, na wateja walipolalamika kwamba sili mpya ni laini mno, aliwaonyesha ile ya ngozi na kuwauliza kama wanaitaka.

Siku yangu ya kwanza alikuja mkulima wa Ilongero mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alifungua leso akatoa sili iliyochanika.

"Nipe kama hii," akaniambia.

Nikatazama ubaoni, nikaona inayofanana nayo, nikaitungua na kumpa. Mzee Ntandu aliinyang'anya mkononi mwake kabla hajaifunga kwenye leso.

"Umepima?"

"Zinafanana, mzee."

"Mapacha nao hufanana. Waulize wake zao kama ni sawa."

Mkulima alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilifundishwa siku hiyo kushika venia, kupima tundu la ndani, upana wa nje na unene, na kuandika namba zote tatu kwenye karatasi kabla mkono haujafika ubaoni. Ile niliyotungua ilizidi ile ya zamani kwa unene wa ukucha. Ingemwaga alizeti yote ya msimu.

Somo la pili lilikuwa chupa. Wakati ule ilikuwa moja tu, yenye mafuta ya taa. Mzigo mpya ukifika, Mzee Ntandu alichagua raba moja, akaitumbukiza, akaandika siku kwa chaki kwenye rafu, akaiacha siku tatu. Siku ya nne aliitoa na kuipima tena. Iliyovimba, mzigo wake wote ulirudi ulikotoka, hata kama boksi lilikuwa na picha ya mlima wenye theluji na maandishi ya Kijapani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walimchukia. Alisema raba halisi ya mafuta hainywi mafuta, na kwamba maboksi huchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapisha.

"Isiyopita kwenye chupa haipiti kwenye kaunta," ndivyo alivyokuwa akisema. Niliishika kauli hiyo kama amri ya kanisani. Hapo ndipo lilipoanzia kosa.

Mwaka wangu wa pili tuliingiza raba za breki kwa mara ya kwanza. Hizi si pete. Ni vikombe vidogo vya raba vinavyokaa ndani ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, na silinda za magurudumu, na dereva akikanyaga breki ndivyo vinavyosukuma mpaka magurudumu yabanwe. Zilikuja za aina mbili: moja kwenye maboksi mekundu, nyingine bila boksi, zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki kama karanga. Wiki hiyo hiyo Mzee Ntandu alipata msiba kwao Ilongero, akaondoka. Aliniachia duka na neno moja: "Pima."

Nikapima. Nilitumbukiza raba moja ya boksi jekundu na moja ya mfuko kwenye chupa, nikaandika siku kwa chaki. Siku ya nne ile ya boksi jekundu ilikuwa imevimba kama uyoga baada ya mvua, laini, haishikiki. Ile ya mfuko ilikuwa vile vile ilivyoingia. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimewagundua wezi wa maboksi mekundu peke yangu, bila mzee. Nikayafunga kwa kamba na kuandika juu yake BOVU.

Jumatatu alikuja Msengi, Mnyiramba mwenye lori kuukuu la kubeba mazao. Alitaka raba za masta silinda na za magurudumu ya mbele. Nikamuuzia za mfuko, tena nikamhubiria kidogo kuhusu chupa. Fundi Hango, ambaye gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, akazifunga siku hiyo hiyo.

"Huyu binti sasa ni daktari wa raba," Hango alisema. "Mimi nikifa mnitumbukize kwenye chupa yake ajue kama nilikuwa halisi."

Alhamisi asubuhi Mzee Ntandu akarudi kutoka msibani. Nilimwamkia, akaitika, akatazama rafu, akaona maboksi yaliyofungwa.

"Haya yana nini?"

"Yameshindwa chupa, mzee. Yalivimba. Za mfuko zimepita. Msengi ameshachukua."

Aliketi kwenye gunia la gasketi, akavua kofia. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Raba ya breki haikai kwenye mafuta, mwanangu. Inakaa kwenye maji ya breki, na hayo si maji wala si mafuta. Raba inayoyapenda maji ya breki huyachukia mafuta ya taa. Na inayostahimili mafuta ya taa huvimba kwenye maji ya breki. Umetupa nzima, umeuza mbovu."

Niliuliza kwa nini hakuniambia.

"Kule karakana raba za breki zilitujia zimeshapimwa. Sikuwahi kuzipima. Nilikufundisha chupa, sikukufundisha ndani ya chupa kuna nini." Akavaa kofia. "Msengi anakwenda wapi?"

Nilijua anakwenda wapi. Msengi alikuwa apakie vitunguu Kinyangiri, kisha atokee barabara kuu pale Iguguno, apite Misigiri, ashuke Sekenke kwenda Shelui. Wakati ule Sekenke ilikuwa barabara ya vumbi na mawe, kona juu ya kona, na mabaki ya magari yalionekana bondeni. Breki ikikuacha pale katikati, huna cha kuamua tena.

Tulivuka barabara kwa Hango. Alikuwa na pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Mzee Ntandu alimweleza kwa maneno machache. Kwa mara ya kwanza nilimwona Hango hana utani. Alitupa vifaa nyuma, mimi nikapakia maboksi yangu mekundu na makopo ya maji ya breki, tukaondoka.

Kinyangiri tulifika wakati watu wanakusanya makapi ya vitunguu pale kwenye mzani. Nilimuuliza mama aliyekuwa anafagia.

"Msengi? Ameshaondoka zamani. Amewabeba na akina mama wa harusi, wanapeleka ngoma Shelui."

"Wangapi, mama?"

"Sikuwahesabu, dada. Walikuwa wanacheza."

Safari ya kutoka Kinyangiri kwenda Misigiri siikumbuki vizuri. Nakumbuka kamba ya mlango ikipiga, na Hango akiuliza kila baada ya muda, "Huvimba baada ya siku ngapi?" na Mzee Ntandu akimjibu, "Sijui." Nadhani alikuwa anajua. Nilikuwa nimekanyaga sakafu ya pikapu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zote, kana kwamba breki ya lori la Msengi ilikuwa pale chini ya kiatu changu.

Misigiri madereva wote walikuwa wakisimama kabla ya kushuka. Walikunywa chai, wakakaza kamba, wakaacha magurudumu yapoe. Tulipokaribia, kabla hatujaona lori lolote, tulisikia harufu ya breki zilizoungua. Kisha ngoma. Akina mama wa harusi walikuwa kando ya barabara, wamevaa vitenge vya sare, wanaimba. Na nyuma yao lori, limesimama, magurudumu ya mbele yanafuka moshi.

Miguu ya Msengi ilikuwa inachomoza chini ya lori. Alisikia pikapu, akajikokota kutoka huku ameshika spana, mdomo umeshafunguka kwa matusi. Ndipo akamwona Mzee Ntandu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, Msengi. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, mzee." Kisha akanigeukia mimi, na hasira yake ikaendelea pale ilipokatishwa. "Raba gani umeniuzia, wewe? Nakanyaga breki, haiachii! Lori linajifunga lenyewe! Kutoka Iguguno mpaka hapa ni kama nimefunga jiwe nyuma!"

Nikacheka. Naomba mnielewe, sikutaka kucheka. Machozi yalitoka na kicheko kikatoka pamoja nayo. Raba zilikuwa zimevimba ndani ya masta silinda mpaka zikaziba njia ya maji kurudi, na breki zikabaki zimebana. Kosa lile lile ambalo lingewaua ndilo lililowasimamisha.

"Anacheka!" Msengi akawaambia akina mama. "Mnamwona? Anacheka!"

"Ulikuwa unafanya nini huko chini?" Mzee Ntandu akamuuliza.

"Nalegeza skrubu ya upepo, mzee, nimwage maji ya breki kidogo ziachie. Kisha nishuke taratibu kwa gia ndogo. Harusi inasubiri."

Hango akainama akatazama. "Umeshalegeza?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa nashika spana mlipofika."

Angemwaga maji, magurudumu yangeachia, na angeingia Sekenke na raba zilizovimba, breki zikiwa na upepo badala ya maji, na ngoma nyuma. Mzee Ntandu alinitazama. Nilielewa kwamba kosa langu hatalisema yeye.

Nikamwambia Msengi mbele ya wote. Kwamba mbovu ni nilizomuuzia, kwamba nzima nilizifunga kwa kamba nikaandika bovu, kwamba nilipima kwa kimiminika kisichohusika na nikajiona hodari. Ngoma zilinyamaza. Mzee Ntandu akaongeza kwamba nusu ya kosa ni lake, kwa sababu chupa ni yake.

Msengi aliweka spana chini. "Funga hizo nzima," akamwambia Hango. "Halafu huyu atashuka na mimi. Akae mbele. Aliyeuza breki ashuke nayo."

"Nitashuka mimi," Mzee Ntandu akasema.

"Hapana, mzee. Wewe hukuuza."

Bibi mmoja katika wale wa harusi alinisogelea, akanipima kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kumbe wewe ndiye breki?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kapande. Sisi tutakuja baada ya kuona umefika."

Kazi ilichukua mchana wote uliobaki. Hango alitaka kuosha silinda kwa mafuta ya taa kama alivyozoea, Mzee Ntandu akamfokea mpaka kopo likamdondoka. Tuliosha kwa maji ya breki peke yake. Hango akafunga raba za boksi jekundu, akatoa upepo, Msengi akakanyaga na kuachia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Magurudumu yalizunguka bila kukwama. Kisha nikapanda. Mlango ukafunguka tena na Mzee Ntandu naye akapanda, akanisukuma katikati. Msengi akawasha injini.

Tukashuka Sekenke kwa gia ndogo. Sikutazama bondeni. Nilitazama mguu wa Msengi, na kila alipogusa pedali mimi nami nilikanyaga sakafu. Baada ya kona ya tatu Mzee Ntandu akaniinamia.

"Toa mguu, mwanangu. Hapo chini hakuna kitu."

"Najua, mzee."

"Hata mimi nakanyaga," akasema.

Nikatazama. Kiatu chake kilikuwa kimekandamiza sakafu mpaka soli imejikunja.

Chini kabisa, pale barabara inaponyooka kuelekea Shelui, Msengi alikanyaga breki. Lori likasimama. Akaachia, likatembea. Akakanyaga tena, likasimama tena, bila sababu yoyote, katikati ya barabara tupu. Alizima injini. Tulikaa tukisikiliza chuma kikipoa.

"Shuka," akaniambia. "Kesho nitataka na za nyuma."

Akina mama waliletwa na pikapu ya Hango, kwa zamu. Walichelewa harusi, na nilivyosikia bwana harusi aliambiwa kwamba ni kosa langu.

Wiki ile Mzee Ntandu alitafuta chupa ya pili, akaijaza maji ya breki, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Hakuandika kitu juu yake. Alisema anayetaka kujua ipi ni ipi anuse.

Baada ya hapo nikajiwekea sharti ambalo hakuna aliyeniagiza. Kila nilipomuuzia mtu raba za breki za gari kubwa, nilipanda naye safari ya kwanza. Wengine walidhani natafuta lifti, na kusema kweli baadaye hata mimi sikuweza kutofautisha. Nilishuka na malori ya mahindi, ya ng'ombe, ya chumvi. Nilifika Mwanza, Kigoma, Tunduma. Sikuwahi kutulia tena. Nikilala wiki mbili sehemu moja nilianza kusikia harufu ya dizeli usingizini. Mzee Ntandu alipozeeka duka likabaki kwangu, na nikaanza kufuata mzigo wenyewe huko unakotoka.

Dubai nilimkuta muuzaji mmoja ana gunia la sili na maboksi ya aina mbili mezani, ya bei ya juu na ya chini. Alikuwa anajaza yote kutoka gunia lile lile, kwa mikono miwili, bila aibu. Nikatoa chupa zangu kwenye mkoba. Alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi, Kiswahili alikijua.

"Dada, watu hapa wananunua kwa kontena. Wewe unanunua kwa chupa?"

"Nipe siku tatu," nikamwambia.

Alinipa siku tatu na chai kila siku. Siku ya nne sili zake zilikuwa zimevimba. Alizitazama kwa huzuni ya kweli, akasema kumbe na yeye alidanganywa. Nilimwamini. Katika biashara hii, kutoka kiwandani hadi Ilongero, kila mtu hudanganywa na yule aliye nyuma yake, mpaka afike mtu wa kutumbukiza moja kwenye chupa.

Basi mnaobaki, pimeni namba zote tatu. Msiamini boksi. Na kabla ya kutumbukiza kitu chochote, jiulizeni kitaishi ndani ya nini. Hilo la mwisho ndilo nililojifunza kwa gharama ya watu wengine, ambao kwa rehema hawakulazimika kuilipa.

Lile basi nililokuwa nawahi lilikuwa la Mwanza, nakwenda kwa dada yangu. Sekenke siku hizi ni lami, ina kuta na alama, na madereva wanashuka huku wakiongea na simu. Misigiri hatukusimama hata kwa chai. Tulishuka mimi nikitazama nje, nikamwona mbuzi juu ya jiwe, nikafikiria hili na lile. Tulipofika Shelui ndipo nilipokumbuka kutazama kama nimekanyaga sakafu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa nje ya kiatu, umekunjwa kitini chini yangu, na ulikuwa umekufa ganzi.